Kibuyu cha Maji ya Kwetu

Basi lilipoanza kupanda milima ya Uha, binti mwenye sare alipita katikati ya viti akigawa maji ya chupa. Nikaipokea ya kwangu kwa mikono miwili kama tulivyolelewa, nikaipakata, nikaitazama. Ilikuwa imebandikwa picha ya maporomoko ya maji. Nje ya dirisha, ng'ambo ya bonde, palikuwa na maporomoko ya kweli, membamba, meupe, yanashuka kwenye mwamba mweusi, na hakuna abiria aliyekuwa na habari nayo. Kijana niliyekaa naye alikuwa amelala na waya masikioni. Mvua ilikuwa inanyesha, kama inavyonyesha upande ule tangu nilipoujua.

Nilikuwa nimechoka, rafiki yangu. Sisemi uchovu wa barabara, maana siku hizi ni lami tupu kutoka Tabora, unatoka alfajiri na jioni umefika. Nasema uchovu wa safari zenyewe. Ukifika umri wangu unakuta karibu kila safari ni ya matanga. Hii nayo ilikuwa ya kumzika mtoto wa bibi yangu mdogo, naye alikuwa mzee mwenye wajukuu, na ndiye mtu wa mwisho kule milimani aliyekuwa akiniita kwa jina langu la utotoni. Nikafunga macho nikajaribu kusinzia, usingizi ukakataa. Ile chupa mapajani ilikuwa baridi, na ikanirudisha kwenye safari yangu ya kwanza ya kwenda kule, nilipokuwa msichana wa darasa la tatu, mimi na bibi yangu mzaa mama.

Safari hiyo tulikwenda kupeleka maji. Umesoma vizuri. Tulitoka Unyamwezi, nchi ambayo kiangazi kikikaza hata mbwa hubweka kwa kujibana, tukapeleka maji kwenye nchi ya mvua, mito na maziwa.

Kwetu kulikuwa upande wa Ipole, ndani kabisa ya miombo. Watu wa kwetu walilima tumbaku kwa ajili ya fedha na walifuga nyuki kwa ajili ya roho zao. Mizinga ya magogo ilining'inia kwenye miti hadi mahali ambapo sisi watoto hatukuruhusiwa kufika, na nyumba ya bibi ilinuka nta mwaka mzima. Asubuhi niliamshwa na mlio wa kutwanga mtama. Tulikula ugali na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yakaungwa kwa karanga, na wakati wa mvua tulikula uyoga mpaka tukauchoka. Shuleni nilikwenda na matobolwa mfukoni, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa hadi vikawa vigumu. Ukimung'unya kimoja kinakufikisha saa sita.

Maji yetu tuliyateka kwenye kisima ambacho baba yake bibi alikichimba kwa mikono yake. Nisikudanganye, yalikuwa maji mabaya. Yalikuwa na chumvichumvi, na chini yake kulikuwa na ladha ya udongo ambayo hata chai ya tangawizi haikuweza kuificha. Mgeni akitoka Tabora mjini alikunywa funda moja kwa adabu, kisha akasema ameshiba. Sisi tuliozaliwa pale tulidhani ndivyo maji yalivyo duniani kote.

Bibi alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja. Sikuwahi kumwona. Nilijua habari zake kwa vipande, watu wazima walipodhani nimelala. Kabla ya Uhuru, siku ambayo ng'ombe wa mahari yake walikuwa wamekwisha kuingia zizini, alitoroka na kijana wa Kiha aliyekuwa akirudi kwao kutoka mashamba ya mkonge, akipita kwa miguu njia ya misafara ya zamani. Baba yao aliaibika. Aliwarudisha ng'ombe mbele za watu, mmoja mmoja, kisha akasimama kisimani akashika kamba ya ndoo, akasema, "Maji ya kisima hiki hatayanywa tena." Basi. Hakulaani zaidi ya hapo. Lakini kwetu neno la mzazi aliyelisema kwa uchungu haliozi, na yule mzee akafa bila kulitengua.

Mtu wa kulitengua baada yake alikuwa kaka yao, mrithi wa nyumba, naye alikataa. Kila alipoulizwa alisema, "Baba alisema, mimi ni nani?" Huko milimani bibi mdogo akazaa watoto akawazika, mmoja baada ya mwingine, akabaki na mmoja tu. Je, ni kwa sababu ya neno lile? Mimi sijui. Bibi alikuwa mtu wa sala tano, hakosi hata moja, lakini ukimuuliza habari hiyo alijibu kwa mkato, "Mungu ni Mungu, na baba ni baba."

Kisha mwaka mmoja mambo mawili yakafuatana. Kaka yao akafariki. Na balozi wa nyumba kumi akapita nyumba kwa nyumba kututangazia kwamba tukishavuna, wote tutahamia kwenye kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara kuu, ambako kutakuwa na shule, zahanati na maji ya bomba. Watu walipiga makofi mkutanoni. Wengine walipiga kwa moyo na wengine kwa mikono tu. Bibi hakupiga. Alikuwa anafikiria kisima. Neno lilisemwa pale, juu ya maji yale. Msitu ukikimeza kisima, litatenguliwa kwa kitu gani?

Mvua za kwanza ziliponyesha, akaja kibarua wa tumbaku kutoka Uha, kijana anayetoka kijiji kimoja na bibi mdogo. Alileta salamu. Alipiga magoti, akamaliza maamkizi yote marefu ya kwao, kisha akasema, "Mama kule anasema amechoka. Anasema, mwambie dada, nina kiu."

Bibi akamwinua. Akamkaribisha chakula, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi macho yamekuwa mekundu, akatangaza kwamba ataondoka.

Mjomba wangu, fundi wa mizinga, akapewa kazi ya kutafuta kibuyu kipya ambacho hakijawahi kutiwa asali. Na mimi nikaambiwa nitateka. Bibi alisema maji yale lazima yatekwe na mtoto wa nyumba ile ambaye hakuwa amezaliwa neno liliposemwa, asiye na upande katika ugomvi. Tena aliyeteka ndiye wa kwenda nayo. Nikateka mapema, kabla jua halijachomoza, ndoo ya kwanza ya siku. Mjomba akakijaza kibuyu, akakikaza kizibo cha mti, akakizungushia nta laini pande zote mpaka kikawa hakipitishi hata pumzi. "Hapo hata ukiviringika nacho mlimani," akasema. Bibi akakitikisa sikioni, akaridhika.

Mwalimu wangu hakufurahi. Alikuwa kijana mwenye shati la kaunda, ameletwa kwetu kulijenga taifa, na alilijenga kwa fimbo. Bibi alipokwenda kuniombea ruhusa, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi, nimewafundisha watoto hawa kwamba maji hutoka milimani yakashuka. Wewe unayapandisha?" Bibi akamjibu kwa upole, "Ndiyo, mwanangu. Yaliyoshuka yanajiendea. Haya yana mwenyewe." Mwalimu akatoa ruhusa. Nadhani alishindwa kujua aweke wapi jibu lile.

Tulipanda lori la tumbaku hadi Tabora, tukalala mtaa wa Chemchem kwa mama mwenye duka, mtu wa uzao wa Waarabu wa zamani wa mjini. Ukoo wake ulinunua nta na asali ya ukoo wetu tangu enzi ambazo mizigo ilikwenda pwani vichwani mwa watu. Alikiona kibuyu, akauliza bei ya asali. Bibi akamwambia ni maji, na kwa nini. Yule mama hakucheka. Aliinuka akafungua kabati, akatoa chupa ndogo iliyofungwa kitambaa, maji ya Zamzam ambayo marehemu mumewe alirudi nayo kutoka Makka. "Nangojea siku yangu," akasema, kisha akairudisha. Wakalala chumba kimoja wale wawili, wakinong'ona kama wasichana. Katika safari nzima, huyo ndiye mtu pekee aliyetuamini.

Maana ulimwengu mzima unajua mtu wa Tabora akibeba kibuyu kilichozibwa kwa nta, ndani kuna nini. Ndani ya garimoshi, daraja la tatu, tulikuwa tumebanana na magunia na kuku. Mkagua tiketi akakiona kibuyu kwenye mapaja ya bibi.

"Mama, shikamoo. Hiyo asali ni ya biashara?"

"Marahaba, baba. Si asali. Ni maji."

"Maji!" Akainama, akakigonga kwa kidole. "Mama, nilikuwa naomba kuonja tu, siyo lazima unidanganye."

"Ni maji, mwanangu. Nampelekea mdogo wangu."

"Yuko wapi huyo mdogo wako?"

"Uha."

Behewa zima likacheka. Mtu mmoja akasema huyu bibi akitoka hapo atapeleka chumvi Uvinza. Lakini mzee mmoja aliyekaa dirishani hakucheka. Akauliza taratibu, "Maji gani hayo yanayozibwa namna hiyo?" Watu wakatazamana. Kicheko kikafifia. Mama aliyekaa nasi akakumbuka kwamba ana ndugu behewa la nyuma, akamchukua mtoto wake akaenda. Mwingine akafuata. Kufika Urambo tulikuwa na benchi zima peke yetu, kwa kuwa sasa tulidhaniwa kuwa waganga. Bibi akanyoosha miguu, akasema, "Alhamdulillah, na uongo wao una faida." Nikalala kichwa changu kikiwa mapajani pake, kibuyu kikiwa kimelala upande mwingine, nikiyasikia maji yanagongagonga kwa mwendo wa reli.

Bibi alinisimulia kwamba reli ile imelazwa juu ya njia ya babu zake. Babu yake alikuwa mpagazi, alikwenda Ujiji na kurudi akiwa na pembe begani. Mtu akilalamika kwamba mzigo ni mzito, wenzake walimwimbia, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Alisema hivyo huku akibadilisha kibuyu kutoka paja hili kwenda lile, nikajua naye kinamlemea, ila hatasema.

Tulivuka mabwawa ya Malagarasi. Sikuwa nimewahi kuona maji yamelala tu chini, hayana mwenyewe, hayana foleni ya ndoo. Yalikwenda mpaka macho yakachoka, ndege weupe wamesimama ndani yake. Uvinza bibi alinunua chumvi ya zawadi, na Kigoma tulipotoka stesheni nikaliona ziwa lenyewe. Nikashika nguo ya bibi. Yeye alisimama na kibuyu kichwani, akalitazama ziwa kwa muda mrefu, milima ya Kongo ikionekana kwa mbali.

"Yote hayo ni maji?" akamuuliza mpita njia.

"Ndiyo mama. Matamu, hayana chumvi."

"Mashallah, yanatosha," akasema, akakirekebisha kibuyu, tukaenda kutafuta lori.

Ninachokikumbuka sana kwa milima ile ni baridi na kelele. Kwetu msitu ni kimya, unasikia nyuki na jua. Kule kila kona ilikuwa na maji yanaongea, vijito vinakatiza barabara, maporomoko unayasikia kabla hujayaona. Lori lilikuwa wazi, tumekaa juu ya magunia, turubai moja kwa watu wengi. Asubuhi ukungu ulipotanda kwenye bonde, bibi akanuna. "Nani anayechoma msitu mvua inanyesha?" Akadhani ni moshi wa warina asali. Watu wakacheka tena, naye safari hii akacheka nao. Alikuwa anachoka. Aliteremka kwenye lori akishikwa, na midomo yake ilikuwa imepauka, lakini kibuyu hakumpa mtu. Utingo alijaribu.

"Bibi, lete hiyo asali niiweke juu na mizigo."

"Ni maji."

"Haya, lete hayo maji. Nitayalamba kidogo tu."

"Wewe mtoto una utani mwingi, kwenu hawajakufunza?"

"Wamenifunza bibi, ndiyo maana naomba, siibi."

Barabara ikafika mahali tope likashinda magurudumu. Dereva akasema mwenye miguu atembee. Tukatembea, mimi mbele nikitafuta pa kukanyaga, bibi nyuma. Tulipita chini ya maporomoko makubwa, na manyunyu yake yakatulowesha juu ya mvua iliyokuwa imetulowesha tayari. Bibi akasimama pale, akafumba macho. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Hapana. Nafikiria huyu mtoto wa watu, miaka yote hii anasikia maji usiku na mchana, na anasema ana kiu." Kisha tukaendelea.

Jioni tukaomba hifadhi kwenye nyumba moja kando ya njia. Walitupokea kama watu waliokuwa wakitungojea. Mama wa nyumba alitupa kanga kavu, akatupikia ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, mekundu, mazito, sijapata kula maharage kama yale. Kibuyu kiliwekwa pembeni ya mlango. Mwenye nyumba alikitazama, akatabasamu, hakuomba. Kuomba cha mgeni si adabu. Tukalala fofofo.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya bibi ikisema, "Hapana, hapana, hapana." Aliisema taratibu, bila kupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Mama wa nyumba alikuwa ameamka mapema kuwasha moto. Alikiona kibuyu chetu kimekaa penye baridi. Naye, kama wote, alijua watu wa Tabora na vibuyu vyao. Akaona asali itakuwa imeganda kwa ubaridi wa kwao, wageni watahangaika kuimimina. Basi kwa wema wake akakilaza karibu na mafiga, akikigeuzageuza kama mtu anayechoma muhindi. Nta ya mjomba, ambayo ingestahimili kuviringika mlimani, haikustahimili moto. Ikalainika, ikachuruzika, kizibo kikalegea. Nilipofika jikoni majivu yalikuwa matope, na maji ya kisima chetu yalikuwa yanatafuta njia ya kwenda mlangoni.

Mama wa nyumba alikuwa ameshika kichwa. "Ni maji," alirudia, "kumbe ni maji kweli." Mumewe akaja, akaona, akasema kile ambacho kila mtu angesema, "Basi mama, maji yakimwagika hayazoleki. Hapo nje kuna chemchemi, maji yake hata padri huyafuata. Tukujazie."

Bibi alikuwa amepiga magoti kwenye matope yale. Alikiinua kibuyu, akakitikisa sikioni. Kikajibu, kidogo sana.

"Hayazoleki," akasema. "Lakini yaliyobaki yanabebeka."

Akaikusanya nta iliyoganda pembeni mwa jiko, akaifinyanga upya kwa vidole, akaziba. Hakumlaumu yule mama. Alimpa kipande cha chumvi ya Uvinza, akamshukuru kwa malazi. Lakini tulipokuwa njiani, mahali pasipo na mtu, aliketi juu ya jiwe kwenye mvua, akasema kwa Kinyamwezi kwamba amechoka. Sijawahi kumsikia akisema hivyo, hata msimu wa kuvuna tumbaku. Nikamshika mkono. Nikasema tu, "Bibi, mimi ndiye niliyeteka. Naweza kubeba." Akanipa. Kilikuwa chepesi mpaka nikaogopa.

Nyumba ya bibi mdogo ilikuwa kwenye mteremko, katikati ya migomba, kijito kinapita nyuma yake. Alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage. Niliwajua ni ndugu kabla hawajasema. Masikio yalikuwa yale yale. Alipotuona hakuinuka. Labda miguu ilimkatalia. Bibi naye alisimama uani, mvua inamnyeshea, hasogei. Nikabaki katikati na kibuyu changu.

"Umekonda," bibi akasema.

"Nawe umezeeka."

"Ningekosaje kuzeeka? Nimekuja kwa miguu nusu ya dunia."

"Mimi pia nilikuja kwa miguu."

Maharage yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye ungo na hakuna aliyeyaokota.

Bibi alikuwa amepanga mambo yote tangu nyumbani. Angejaza maji mdomoni, angemnyunyizia mdogo wake kichwani na kifuani kama wazee wanavyobariki, halafu angempa yaliyobaki anywe na anawe uso. Sasa hakukuwa na yaliyobaki. Kulikuwa na funda moja. Ama anyunyiziwe, ama anywe. Alikaa naye kizingitini akanionyesha nilete kibuyu. Nikaona anasita. Kisha akaipasua nta kwa kucha.

"Baba alisema hutayanywa," akasema. "Kaka akalishika neno la baba. Kaka hayupo tena. Leo mkubwa ni mimi. Maji haya yametekwa na mtoto asiyejua ugomvi wetu. Kunywa."

Bibi mdogo akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akakiinamisha. Akayashika mdomoni, hamezi. Alikuwa amefumba macho. Akameza. Kisha uso wake ukajikunja, mikunjo yote ikakusanyika puani.

"Dada," akasema.

"Naam."

"Maji yetu ni mabaya."

Bibi akamtazama.

"Yana chumvi," akasema bibi mdogo. "Yana udongo pia. Miaka yote hii nimewaambia watu hapa hawajui maji. Kumbe ni mabaya hivi!"

"Ni mabaya, ndiyo," bibi akasema. "Wewe ulifikiri baba alikunyima nini?"

Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka ungo ukaanguka, walicheka wameegemeana, wakishikana nguo, na sikujua ni wakati gani kicheko kilipokoma kuwa kicheko. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi yangu analia. Nikaondoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye migomba, nikakisikiliza kile kijito cha maji matamu yanayopita bure.

Tulikaa kwao mpaka bibi akapata nguvu. Walilala kitanda kimoja, na mchana waligombana jinsi ya kupika mlenda. Siwezi kukuambia kwamba kila kitu kilinyooka. Bibi mdogo hakuwahi kurudi kwetu, miguu haikumruhusu. Lakini yule mwanawe mmoja alioa, akazaa, na watoto wakakaa, wakakua. Kila msimu kibarua wa tumbaku alipokuja, alileta maharage mekundu na neno lile lile, "Mama kule anasema kiu imeisha."

Tulivuna, tukahama. Nyumba mpya zilipangwa kwa mstari kando ya barabara, na bomba la maji lilichelewa kidogo, kisha likaja, kisha likawa linaharibika na kutengenezwa. Maji yake yalikuwa mazuri. Kwa muda mfupi bibi aliendelea kunituma kisimani, mwendo mrefu, nirudi na ndoo moja ya kunywa. Halafu akaacha. Alikuwa amepata alichokitaka kwa kile kisima, na miguu yangu ilikuwa inahitajika shuleni.

Mwaka jana nilikwenda kukitafuta. Nilimchukua kijana mmoja wa kijijini aniongoze, tukazunguka toka asubuhi kwenye vichaka na masalia ya mashamba ya tumbaku. Yule kijana alinivumilia, akaniuliza mara nyingi, "Mama, kisima chenyewe kilikuwaje?" Nikashindwa kumweleza. Kilikuwa shimo lenye maji. Hakuna mzinga niliouona mtini, wala jiwe nililolitambua. Nikaketi chini, nikasema kwa Kinyamwezi kwamba nimechoka, na kijana hakuelewa, akaniuliza nimesema nini.

Basi letu likapunguza mwendo kwenye kona, yule jirani yangu akaamka, akatoa waya masikioni. Akaona chupa yangu haijafunguliwa.

"Mama, shikamoo. Hunywi maji? Kama hunywi, naomba."

"Marahaba. Chukua, baba."

Akafungua akanywa yote kwa mkupuo, akafuta mdomo. Nikamuuliza yakoje. Akanishangaa.

"Ni maji tu, mama. Hayana ladha."

Nikageukia dirishani. Mvua ilikuwa inaendelea, na kila bonde lilikuwa na maji yake yanayoshuka. Tulioyanywa yale ya kwetu tukayajua kuwa ni mabaya tulikuwa wengi. Bibi alikwenda, bibi mdogo akamfuata, mjomba, mwalimu, watu wote wa ile foleni ya ndoo. Hata huyu niliyekuwa nakwenda kumzika aliishi akihadithiwa tu habari za maji yale. Nimebaki mimi. Nikiondoka mimi, hatabaki mtu hata mmoja duniani wa kusema kwamba yalikuwa na chumvi.